Jasho la Mkono wa Kushoto

SURA YA SITA

"Afande, niapishe kwa chochote unachotaka. Tangu siku mwanangu alipoungua, sijaonja hata tone."

Dobi alisema hivyo akiwa amesimama katikati ya chumba chake cha kupanga, mkono wa kushoto ameunyoosha mbele kama mtu anayeonyesha kidonda. Upande wa ndani, juu kidogo ya kiwiko, palikuwa na kibandiko cheupe kisichozidi kifuniko cha chupa ya soda.

Inspekta aliuvuta mkono ule karibu na dirisha. Alikuwa mwanamke wa makamo, mzito wa mwili, mwenye tabia ya kukaa kabla hajakaribishwa na kunyamaza mpaka mwenzake aone aibu ya ukimya.

Kibandiko kile hakikuwa na sindano na hakikumtoboa mtu. Kilikaa juu ya ngozi kikinywa jasho, basi. Mtu akinywa pombe, kidogo yake hutoka na jasho, atake asitake, hata kama amesukutua mdomo na kutafuna majani ya mnanaa. Kibandiko kikiionja, simu ya mwenye nacho hupeleka habari ofisi ya mahakama, na huko alama nyekundu inawaka. Hakuna kubishana nacho. Ndiyo maana hakimu alikipenda.

Hakimu alimfunga Dobi kifungo cha nje baada ya binti yake kumwagikiwa na maji ya moto mguuni, mama mtu akiwa amelala sakafuni hajitambui kwa ulevi. Mtoto alipelekwa kwa mama yake mdogo, mwenye saluni. Dobi akabandikwa. Jasho lake likikaa safi mpaka mwisho wa muda aliopewa, mtoto angerudi. Likichafuka, Dobi angeingia jela na mtoto angebaki kwa mama mdogo moja kwa moja. Sasa lilikuwa limechafuka, si mara moja, na Jumatatu kesi ilikuwa inasikilizwa. Hakimu alitaka polisi waangalie kwanza, kwa sababu mwanamke huyu alikuwa amekataa kwa machozi kila alama.

"Kimewahi kubanduka?" Inspekta aliuliza.

"Hapana."

"Wewe umewahi kukibandua?"

"Nikikibandua kinapiga kelele huko kwenu. Naoga nacho, nafua nacho, nalala nacho. Kimekuwa kama mume."

"Mume gani hatoki jioni?"

Dobi alitaka kucheka, akajizuia.

"Alama zote zimewaka Jumamosi," Inspekta alisema.

"Jumamosi ndiyo naletewa mwanangu! Wiki nzima naingoja siku hiyo, halafu niilewe?"

"Nielezee Jumamosi yako. Usiruke kitu."

"Nafagia. Naoga. Nachemsha uji. Mdogo wangu anamleta mpaka mlangoni, haingii ndani, hajawahi kuingia. Namvua mtoto kofia, namkumbatia. Analala hapa." Akagusa pindo la kiwiko cha kushoto. "Mkono wa kulia umeliwa na pasi, bega halibebi kitu. Basi analala hapa mpaka uji upoe, ananisimulia habari za wiki nzima. Anaongea yule mtoto! Si bure anaitwa Chiriku."

"Na wewe unafanya nini?"

"Mimi namnusa." Dobi aliuteremsha mkono. "Lakini nikuambie ukweli, afande? Nikimkumbatia mwanangu, ninayemnusa ni mdogo wangu. Saluni yake yote iko kichwani mwa mtoto. Mimi nimembeba tumboni, nimemnyonyesha, halafu kuanzia utosini ananukia mtu mwingine. Nimeze tu. Mtu ambaye mwanaye analishwa na mwenzake ana mdomo wa kusemea?"

Midomo yake ilipinda, si kwa huzuni. Inspekta aliitazama mpaka ikanyooka.

Mlango uligongwa na kufunguliwa kwa pamoja. Aliingia mama pacha wa chumba cha pili, mtoto mmoja mgongoni, mwingine kifuani, mkononi chupa iliyofungwa gazeti.

"Samahani afande. Mimi si mtu wa maneno."

"Karibu na maneno yako."

"Chupa hii ilikuwa nyuma ya mlango wa huyu. Nimeificha makusudi ili ushahidi usipotee. Watu wanamwonea huruma, eti amebadilika. Amebadilika wapi? Amebadilisha chupa!"

Dobi alifungua mdomo. Inspekta alimwinulia kidole anyamaze, akaifungua chupa, akainusa, akaifunga.

"Mafuta ya taa."

"Ee?"

"Angekunywa hii, tusingembandika kibandiko. Tungemwitia zimamoto." Inspekta aliiweka chupa mezani. "Mume wako yuko wapi, mama?"

"Ameenda..." Mama pacha alimpandisha yule wa kifuani. "Ameenda kumchotea huyu maji! Eti bega linamuuma. Bega! Mimi nina watu wawili mwilini tangu asubuhi, langu bega la mbao? Mimi nimechotewa lini?"

"Kwa hiyo chupa ni yako."

Mama pacha aliitazama chupa, akamtazama Dobi, akaichukua na kutoka nayo. Pacha wa mgongoni ndiye aliyeaga, kwa kupunga mkono.

"Huyo angekuona jela akalala usingizi mzuri," Inspekta alisema.

"Na mimi sijamwomba mume wake hata kikombe."

"Najua. Nionyeshe unapofanyia kazi."

*

Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya hoteli, chini ya ngazi. Mvuke ulifanya kuta zitoke jasho. Dobi alipiga pasi mashuka, lakini kazi yake nyingine ilikuwa madoa, na juu ya meza ya madoa kulikuwa na dumu la spiriti lenye mdomo mpana. Inspekta alipoliinamia, macho yalimtoka machozi.

"Hii unaishika kila siku?"

"Kila siku isipokuwa Jumamosi. Sisikii hata harufu yake tena. Pua yangu imekufa. Wageni ndio wanaolalamika."

Alionyesha koti la kazi lililoning'inia msumarini: zito, mikono mirefu, imekazwa kwa mpira kwenye vifundo. Msimamizi wake, mzee mwenye kikohozi, alithibitisha kwamba bila koti lile mtu haruhusiwi kugusa dumu.

Inspekta alitoka nje akipangusa macho. Jibu lilikuwa limemkaa mkononi, kisha likateleza. Kama ni spiriti ya kazini, alama zingewaka siku za kazi. Siku za kazi zilikuwa safi kama mashuka yale. Siku pekee ambayo Dobi hakukaribia dumu ndiyo siku aliyonaswa.

*

Mtaalamu wa vibandiko alikuwa na chumba kidogo katika ofisi ya mahakama, kompyuta mbili na feni iliyogeukia kompyuta badala ya mtu.

"Alama nyekundu nimeziona," Inspekta alimwambia. "Nataka kuona zilipotoka."

"Hakuna aliyewahi kuniomba hilo." Alianza kubonyeza. "Hakimu anapelekewa alama tu. Nyekundu au hakuna."

"Kwa hiyo mnasoma taa, hamsomi jasho."

"Afande, watu waliobandikwa ni wengi na mimi ni mmoja."

Mstari ulijitandaza kwenye kioo. Kwanza alimwonyesha wa mtu mwingine, mlevi wa kweli. Ulipanda polepole kama mtu anayepanda mlima na mzigo kichwani, ukakaa juu, ukashuka polepole zaidi, karibu usiku kucha.

"Hivi ndivyo pombe inavyotoka tumboni," Mtaalamu alieleza. "Lazima ipite kwenye damu kwanza, ndipo ije kwenye ngozi. Haina haraka."

Kisha akaleta wa Dobi. Mstari ulikuwa umelala chini wiki nzima. Jumamosi ulisimama ghafla kama msumari, ukaanguka muda si mrefu. Wiki nyingine, msumari mwingine.

Mtaalamu aliacha kubonyeza. "Huyu hakunywa," alisema taratibu. "Au sitaki kusema hakunywa. Hii haikutoka ndani. Hii imekuja kutoka nje, imegusa kibandiko, imekauka."

"Kama nini?"

"Manukato. Dawa ya kusafishia mikono. Spiriti. Chochote chenye pombe ndani yake."

Inspekta alisogeza kiti. "Huu wa kwanza kabisa mbona mfupi?"

"Ulipita kidogo tu juu ya kiwango. Ungepungua kidogo tu, alama isingewaka."

"Na huu wa pili?"

"Mfupi pia."

"Na hii mingine yote?"

Mtaalamu aliisogeza yote katikati ya kioo. Misumari iliyofuata ilikuwa mirefu mara kadhaa, imepangana kama meno.

"Alama ya kwanza ilipowaka," Inspekta aliuliza, "nani aliambiwa?"

"Mwenyewe Dobi. Hakimu. Na mlezi wa mtoto, kwa simu. Ndiyo taratibu."

"Mlezi aliambiwa nini hasa?"

"Siku na wakati. Kwamba ilikuwa Jumamosi, muda mfupi baada ya mtoto kufika. Ili awe macho kwa ajili ya mtoto."

Inspekta aliomba kibandiko kimoja cha akiba na simu inayokwenda nacho. Alikunja mkono wa gauni akakibandika mwenyewe, mkono wa kushoto, upande wa ndani, juu kidogo ya kiwiko.

"Kesho usizime kompyuta," alimwambia.

*

Saluni ya mama mdogo ilikuwa mwendo mfupi kutoka kwa Dobi. Ilikuwa safi, vioo vinang'aa, mataulo yamekunjwa sawasawa. Ukutani palikuwa na picha moja kubwa: mama mdogo na Chiriku, nguo za kitambaa kimoja, mashavu yamegusana.

Mwenye saluni alikuwa anamsuka mteja. Alikuwa mwembamba, amejipanga, mwenye sauti ya kumtuliza mgonjwa. Hakuwa na mtoto wa kumzaa. Alisema hilo mwenyewe kabla hajaulizwa.

"Dada si mtu mbaya, afande. Ni mgonjwa. Pombe ni ugonjwa. Mimi namwombea."

"Unamlaumu?"

"Nimlaumu nini? Damu yangu."

Chiriku alikuwa amekaa chini akivisuka vinyuzi vya kidoli. Alikuwa na miaka sita na kovu la moto juu ya kisigino. "Afande, wewe una bunduki? Una mtoto? Mtoto wako anaitwa nani? Mimi kesho naenda kwa mama. Kesho si Jumamosi, mama mdogo?"

Mteja alipiga yowe. "Dada, unaning'oa kichwa!"

"Samahani, mpenzi." Vidole vya mama mdogo vililegea. "Ndiyo, kesho Jumamosi."

Inspekta alikuwa ameviona vile vidole. Aliviacha, akatazama meza yake. Vitana, mikasi, chupa kubwa ya spiriti ya kupangusia mikasi. Kando, chupa ndogo ya manukato yenye picha ya waridi. Manukato ya chapa ile ni ya rangi ya chai. Yaliyokuwa ndani yalikuwa meupe kama maji. Na msumarini, nyuma ya mlango, ilining'inia kofia ya sufu ya mtoto, nene, ya kufunika mpaka masikio. Nje jua lilikuwa linachoma mabati.

"Ofisi walikupigia alama ya kwanza ilipowaka?" Inspekta aliuliza.

"Walinipigia. Nililia, nikamwambia mteja aniache nilie."

"Ulilia kwa nini?"

Mama mdogo alitazama kioo, si Inspekta. "Kwa sababu nilikuwa nimeanza kuamini ameacha."

Wazazi wenzangu, wivu wa mume tunaujua. Unapiga kelele, unavunja sahani, majirani wanasikia. Wivu juu ya mtoto hauvunji sahani. Unamwogesha, unamchana nywele, unamnunulia gauni. Ukiuona kwa nje utasema ni upendo, na si uongo, upendo umo.

*

Asubuhi ya Jumamosi Inspekta alifika saluni kabla haijafunguliwa. Hakuwa ametoa taarifa.

"Nitatembea nanyi," alisema, akakaa kwenye kiti cha wateja.

Mama mdogo alisita mlangoni na kitana mkononi. "Hakuna shida. Karibu."

Alimchana Chiriku. Alimpaka mafuta miguuni, kwenye kovu akapita kwa kidole kimoja, pole pole. Alimvalisha viatu. Kila kitu kilifanywa kwa utaratibu, kama mtu anayepigwa picha. Alipomaliza alichukua mkoba wake.

"Haya, twende."

Chiriku hakuondoka. "Mama mdogo, hujanipaka."

"Nimekupaka mafuta."

"Si mafuta. Yale maji ya kichwani."

Mama mdogo alifunga zipu ya mkoba. Tone lilidondoka kwenye sinki.

"Leo tumechelewa," mama mdogo alisema.

"Na kofia yangu?"

"Leo jua kali."

"Na ile Jumamosi nyingine jua lilikuwa kali, nikakuambia nasikia joto, ukasema vumilia mpaka kwa mama akuvue mwenyewe!"

Inspekta aliinama mpaka macho yake yakawa sawa na ya mtoto. "Hayo maji yakoje, Chiriku?"

"Zamani yalikuwa yananukia maua. Siku hizi yanawasha." Alijishika utosi. "Nikikunja macho mama mdogo ananipuliza, fuu, fuu, mpaka yaache. Halafu ananivalisha kofia."

"Nenda ukakae pale nje kwenye kibao, unihesabie watu wenye viatu vyekundu. Usiruke hata mmoja."

Mtoto alitoka mbio. Inspekta alisimama. Aliitoa kofia msumarini, akaichukua chupa yenye picha ya waridi, akalowesha ndani ya kofia. Mama mdogo hakumzuia. Inspekta alikunja mkono wa gauni, kibandiko kikaonekana, akauegemeza ule mkono ndani ya kofia kama mtu anayepakata kichwa cha mtoto.

Hawakungoja sana. Simu ikatetemeka. Kisha ikalia.

"Afande," ilisema sauti ya Mtaalamu, "uko kazini au uko kilabuni?"

"Umesimama vipi?"

"Kama msumari. Ule ule mrefu."

"Utunze." Akakata simu. "Kaa, mama."

Mama mdogo alikaa kwenye kiti cha kuoshea nywele. Mbele yake palikuwa na kioo, akakipa kisogo.

"Ulianza na manukato."

"Yalikuwa manukato tu," alisema. "Nakuapia. Nilimpaka ili akifika kule anukie mimi. Ni kosa mtoto kunukia anakolelewa? Kila Jumamosi akirudi ananukia sabuni ya kufulia, namwogesha, nikimlaza bado inanukia. Nikasema na yeye dada aninuse mimi kidogo. Basi. Kibandiko sikukifikiria."

"Halafu ofisi ikakupigia."

"Ikanipigia."

"Ikakuambia Jumamosi, mtoto alipofika."

"Nilikaa na hiyo chupa mapajani siku nzima. Nikasema labda siyo yenyewe, labda kweli dada amekunywa. Nikasema nimpake tena wiki hii nione tu."

"Ukaona."

"Nikaona."

"Manukato yakageuka spiriti."

"Yaliisha."

"Saluni nzima imejaa manukato, mama."

Mama mdogo alikibana kitana ndani ya kiganja mpaka meno yake yakaacha alama. Aliposema tena, ile sauti ya kutuliza wagonjwa ilikuwa imekwisha.

"Siku alipoungua nilimbeba mimi. Mama yake alikuwa amelala, afande, amelala na mdomo wazi! Nilikimbia naye barabarani peku. Daktari akaniuliza, wewe ni nani wake? Nikasema mama. Hakuna aliyebisha. Chiriku mwenyewe hakubisha. Usiku akiota ananiita mimi. Halafu Jumamosi mlango ukifunguliwa ananiachia mkono. Hageuki nyuma hata kuniaga! Anamkimbilia. Anamkimbilia yeye, na mguu ule ule." Akavuta pumzi. "Eti kibandiko kikae safi miezi michache, aliyemuunguza apewe mtoto, mimi nipewe asante?"

"Dada yako angeenda jela."

"Angetoka."

Inspekta aliifunga kofia na chupa katika mfuko, akaandika juu yake mbele ya mwenyewe. "Kila Jumamosi ulimngojea mtoto akumbatiwe," alisema, "na kila alipokumbatiwa, mama yake akahesabiwa kosa. Hukumtumia mtu wa mitaani. Ulimtumia yeye."

Mama mdogo alitazama nje. Chiriku alikuwa amesimama juu ya kibao akihesabu kwa sauti, ameshahesabu wengi kuliko watu waliopita.

"Ataambiwa?"

"Si leo, na si na mimi. Nikitoka kwa dada yako nitapita hapa. Utakwenda nami kituoni ukaandikishe maelezo, na Jumatatu utayasema mbele ya hakimu."

"Niache nimfunge kamba za viatu. Moja imelegea."

Inspekta alimwacha. Alimfunga mara mbili, akakaza, akabaki ameinama pale muda mrefu kuliko kamba ilivyohitaji.

*

Dobi alikuwa mlangoni kabla hawajagonga. Alimwona Inspekta, akatafuta nyuma yake, hakumwona mdogo wake.

"Mama, leo sina kofia!" Chiriku alimrukia.

Mkono wa kushoto ulimpokea. Kichwa kikalala pale pale kilipozoea, shavu juu ya kile kibandiko cheupe. Inspekta alisimama kando na simu ya ofisi, macho kwenye mstari wa Dobi aliotumiwa na Mtaalamu. Walikaa hivyo mpaka uji ukaacha kutoa moshi. Mstari ulilala chini, haukuinua hata kichwa.

Inspekta alimweleza Dobi kwa sauti ya chini wakati mtoto akinywa uji. Alimweleza kofia, chupa, spiriti, na kwamba Jumatatu yeye na Mtaalamu watasimama mbele ya hakimu na misumari yote. Alitegemea machozi. Dobi hakulia. Alisikiliza mpaka mwisho, macho yamekauka.

"Mdogo wangu mwenyewe."

"Ndiye."

"Kwa kichwa cha mwanangu."

"Jumatatu uje mapema," Inspekta alisema. "Usivae koti la kazi."

"Mama," Chiriku aliingilia, mdomo umejaa, "mama mdogo mbona hajaja mpaka mlangoni? Analia? Leo usiku nitalala kwake, eti? Tutamwachia uji?"

Kijiko cha Dobi kilisimama. Inspekta aliona ile midomo ikipinda tena, vile vile kama siku ya kwanza. Alikuwa ameiona midomo kama ile asubuhi hiyo hiyo, saluni, usoni mwa mama mdogo.

"Njoo hapa, mwanangu," Dobi alisema kwa upole. "Kichwa chako kikavu. Njoo mama akupake mafuta yetu. Ya hapa nyumbani."

Alimwaga mafuta kiganjani, mengi. Akayapitisha utosini, akayarudia, akayasugua mpaka shingoni na nyuma ya masikio, kwa nguvu, kama mtu anayefuta jina lililoandikwa vibaya ili aandike la kwake. Chiriku akakunja macho.

"Mama, unaniumiza."

"Vumilia kidogo. Unukie kwenu."

Inspekta aliweka simu mezani. Mstari ulikuwa bado umelala, safi, hauna habari na mambo yale. Kibandiko kilijua pombe tu.

"Mama," Inspekta alisema, "mwache hivyo hivyo."

Mkono wa Dobi ulibaki hewani juu ya kichwa cha mtoto, mafuta yakimdondoka kwenye vidole.